Shajara ya Msimu: kitoto cha mbwa kinahamia Naliendele

Kabla hajafika

Mradi wenyewe uko hivi. Jike la mbwa la mjomba wangu kule Nanguruwe limezaa, na katika watoto wake kuna dume mmoja mwekundu mwenye kifua cheupe ambaye tumekubaliana aje kwetu Naliendele, hapa Mtwara. Simleti kwa mapenzi ya mbwa wala nini, ni kwamba korosho zikianza kuokotwa uwanja wetu unajaa magunia na turubai za kuanikia, na kuku wa mke wangu nao wanapungua usiku, kicheche huyo, nyayo zake tunazijua. Mlinzi wa kulipwa hatumuwezi. Mbwa mkubwa wa kununua nae hajui nani wa nyumba na nani mgeni, bora aje mdogo akulie hapa hapa.

Mjomba alitaka nimbebe siku ile ile niliyoenda kumwona, ndo kwanza anaanza kulamba uji. Nikamwomba amwache mpaka atimize wiki 8. Pale kwa ndugu zake ndo anapojifunza kwamba ukimng'ata mwenzio kwa nguvu analia na mchezo unakufa, akitolewa mapema hilo somo utalifundisha wewe kwa vidole vyako. Mjomba akacheka, akasema mbwa wa mjini wana mambo, ila akakubali maana maziwa ya jike hayamgharimu kitu.

Kazi kubwa haikuwa Nanguruwe, ilikuwa hapa ndani, kwa bibi. Bibi tunaishi nae na hakosi kipindi hata kimoja cha sala, na sisi watu wa pwani wengi ni Shafii, mate ya mbwa ni najisi nzito, chombo alicholamba kinaoshwa mara 7 na mara moja katika hizo kwa udongo. Hatukubishana. Nikaenda kumuuliza imamu wetu, akanieleza vizuri tu: mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba ruhusa yake ipo kwenye hadithi, cha kuchunga ni unyevunyevu, kikavu kikigusana na kikavu hakuna kilichohama. Nikarudi na hayo majibu, bibi akasikiliza mpaka mwisho halafu akatoa masharti yake. Asikanyage baraza kwenye mkeka wangu. Chombo chake kisiingie kwenye karai la vyombo vya nyumba. Na asinilambe. Nikamwambia bibi hayo mawili nimeyapokea, la tatu siwezi kumwahidia kwa niaba ya mbwa. Akasema basi hilo ntamwambia mwenyewe.

Kwahiyo ramani ya uwanja ikachorwa upya. Banda chini ya mwembe upande wa mbali na baraza, mbao za mapaleti, sakafu imenyanyuka shubiri moja toka ardhini, juu bati na juu ya bati makuti, maana bati tupu mwezi wa 10 hapa Mtwara mchana huwezi hata kuligusa. Sehemu ya choo ni pembeni kwenye mchanga karibu na shina la mpapai. Bakuli la chakula na sufuria ya maji kuukuu vina ndoo yao ya kuoshea. Kanzu yangu ya kuswalia nimeihamishia kwenye msumari wa ndani, nguo za kushughulikia mbwa zinakaa nje. Fundi elfu kumi na tano, misumari na bawaba juu yangu.

Jumamosi, kafika

Kaja na bodaboda ndani ya tenga la kuku, chini tumetandika salfeti na juu yake kipande cha gunia alichokuwa analalia mama yake. Hicho kipande niliking'ang'ania mwenyewe, mjomba alitaka kunipa kipya. Njiani katapika, tulitegemea hilo kwahiyo asubuhi hakulishwa.

Tenga halikufunguliwa kwenye geti, lilipelekwa moja kwa moja mpaka pale kwenye mpapai. Akatoka, akanusa, akakojoa, nikamsifia kwa sauti ya chini. Ndo akapelekwa bandani. Watoto wote wa mtaa walikuwa wamejipanga kwenye fensi ya makuti wanachungulia na mwanangu kawapangia zamu kabisa, nikazivunja zote, leo ni watu wa nyumba hii tu tena mmoja mmoja, mnakaa chini, hamnyooshi mkono juu ya kichwa chake, mnamwacha aje mwenyewe.

Jina lilileta kesi. Shemeji kapendekeza aitwe Mtasema. Hapana. Mtaani kwetu jina la mbwa ni barua kwa jirani, ukisimama getini jioni ukaita "Mtaseeema" kuna mtu nyumba ya tatu anavaa viatu aje kuuliza. Tumemwita Msimu, kila mtu anaupenda msimu na hakuna wa kujishuku.

Usiku: kalia. Kalia kuanzia tulipozima taa, kile kilio chembamba cha kupanda na kushuka, halafu ananyamaza dakika mbili anasikiliza kama kuna mtu anakuja halafu anaanza tena. Huyu hajawahi kulala peke yake tangu azaliwe, alikuwa kwenye rundo la ndugu zake, kwahiyo simuiti mkaidi na wala simpigi. Nilichofanya, lile tenga nimelisogeza mpaka chini ya dirisha langu kwa nje, chupa ya maji ya moto nimeizungushia khanga kuukuu nikaiweka kwenye kona, na kile kipande cha gunia juu yake. Akilia sana namsemesha kidogo kupitia dirishani, sauti tu, sitoki. Kutoka natoka kwa ajili ya choo. Hesabu wanayotumia wafugaji ni umri kwa miezi ongeza moja, ndo masaa anayoweza kubana mkojo, kwahiyo huyu wa miezi miwili ni masaa matatu hivi akijitahidi. Namtoa, mpapai, anakojoa, anarudi, hakuna mchezo wala stori.

Alfajiri adhana ilipoanza akakaa kitako akainua pua juu akaitikia kwa kubweka kule kwa kuvuta, ooouuuuu, mpaka mwisho. Sauti ndefu ya kuvuta inawaamsha mbwa wengi hivyo hivyo, ila nikasema leo ndo leo, masharti ya bibi yanaongezeka. Bibi yuko uani anachukua udhu. Akasema, "Angalau huyu kaamka, wewe ulikuwa umelala."

Jumatatu, bwana mifugo

Kaja na kiboksi chake cha barafu. Kampima kwenye mzani wa kuning'iniza ule wa korosho, kilo tatu na ushee, akamfungua mdomo, akavuta ukope wa chini kuangalia wekundu, akatoa kupe wawili masikioni ambao mimi nilidhani ni vinyama. Ukimkagua mbwa wako angalia ndani ya masikio, katikati ya vidole na chini ya mkia, huko ndo wanajificha, na magonjwa wanayobeba yanaua mbwa mkubwa mwenye nguvu zake sembuse huyu.

Minyoo kasema usisubiri uione. Inapita toka kwa mama, wakiwa tumboni na kwenye maziwa, kwahiyo chukulia kila mtoto wa mbwa anayo. Dawa kila baada ya wiki 2 mpaka afike wiki 12, halafu kila mwezi mpaka miezi 6. Na kinyesi kiokotwe kila siku kwa koleo kifukiwe mbali, maana mayai ya ile minyoo mikubwa yakikaa mchangani wiki mbili tatu yanaiva, na watoto wetu wanacheza peku na mchanga huo huo halafu wanakula embe.

Chanjo ya kwanza ile ya mchanganyiko, ya pavo na distempa na wenzake, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, kapata leo. Inarudiwa kila baada ya wiki tatu nne hivi mpaka afikishe wiki 16. Hapo nikauliza swali lililokuwa linaniumiza kichwa: pavo inakaa kwenye ardhi miezi na miezi, hata mwaka, kwahiyo nimfungie ndani ya fensi mpaka wiki ya 16? Lakini pia wanasema umri wa mbwa kuizoea dunia ni kati ya wiki 3 na 14 hivi, ukishapita kitu asichokijua kinakuwa adui. Sasa mbona hizi tarehe zinagongana? Akajibu kirahisi tu: mbebe. Aone, asikie, anuse hewa, ila miguu yake isiguse barabara wala asikutane na mbwa usiojua chanjo zao.

Kwahiyo nimetafuta kikapu cha ukindu. Jioni namning'iniza begani tunaenda mpaka kituo cha bajaji, tunakaa. Kaona mashine ya kusaga, mama mwenye baibui na mwavuli, fundi anachomelea geti, mbuzi, lori la magunia linalotoa hewa kwenye breki (hilo alijikojolea, kikapu kimeoshwa). Kila kitu kipya anapata punje ya dagaa. Watu wananicheka kweli, mwendesha bajaji mmoja kaniuliza huyo mtoto wa ngapi.

Chakula

Ratiba ni mara nne kwa siku, akifika miezi mitatu zinakuwa mara tatu. Uji mzito wa dona uliopikwa na dagaa waliopondwa, au vichwa vya vibua vilivyochemshwa mpaka mfupa unasagika kwa vidole, vimechambuliwa. Ugali mtupu hautoshi, unamjaza tumbo lakini haumjengi, ndo maana mbwa wetu wengi wana tumbo kubwa na mgongo kama msumeno. Wa muhogo tumeuacha, na maganda mabichi ya muhogo hayatupwi tena upande wake. Mchuzi wa nyumbani hapana kwasababu ya vitunguu, vinaharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, inapasuka vipande vyenye ncha. Maziwa ya ng'ombe yalimharisha mtoto mwingine wa uzao huo huo kwa jirani yake mjomba, hatukutaka kujaribu.

Maji yapo muda wote, isipokuwa usiku wa manane.

Siku ya upepo

Hii naiandika kwa urefu maana kwa sisi wa kusini ni muhimu kuliko ratiba yote ya chakula.

Upepo wa kusi uliosalia ulifunua turubai upande mmoja na korosho ghafi zikamwagika mpaka kwenye mstari wa banda. Msimu ashaanza kutafuna kila kitu, akachukua moja akaenda nayo kivulini. Mke wangu ndo alimwona, kalala kaikumbatia kwa miguu ya mbele, anaitafuna kwa meno ya pembeni, jicho moja kafumba, halafu ghafla akaitema akaanza kusugua uso mchangani.

Wote tunalijua ganda la korosho. Lile gome katikati yake lina mafuta meusi yanayobabua, ndo maana wanaobangua kwa mkono wanajipaka jivu au mafuta kwanza, na kuna watu alama za vidole vyao zimefutika kabisa. Sasa weka hiyo kwenye mdomo wa mbwa wa miezi miwili. Midomo ilivimba, udenda unashuka kamba kamba, ulimi umetoka wekundu. Tukamshika wawili, nje ya midomo na kidevu tukaosha kwa maji ya sabuni tukasuuza sana, ndani maji matupu kwa kumwagia pembeni ya shavu ili yatoke yasimwingie kooni. Miguu ya mbele pia ikaoshwa, maana mafuta yalishafika kwenye vidole na angeyalamba tena. Bwana mifugo kwenye simu akasema hivyo hivyo, na kwamba asitapishwe, kitu kilichobabua kikishuka kisipandishwe tena. Siku iliyofuata malengelenge madogo kwenye mdomo wa chini, kala uji uliopoa tu, halafu ikapungua yenyewe.

Matokeo kwenye mradi: turubai sasa lina matofali pembe zote na katikati, na kati ya sehemu ya kuanikia na banda kumewekwa uzio wa fito, urefu wa magoti, kazi ya nusu siku na shemeji. Mabibo, yale matunda ya mkorosho, yanaokotwa asubuhi na mapema kabla hajafunguliwa, yakilala juani yanachachuka, na sihitaji mbwa mlevi.

Uvimbe

Wakati namkagua kupe nikakuta kijipu ubavuni, kigumu, na katikati kina tundu dogo kama la sindano. Nikakiangalia kwa tochi ya simu. Kwenye tundu kulikuwa na kitu cheusi kinachotokeza na kurudi, kinatokeza na kurudi. Kinapumua.

Ni funza wa yule nzi anayetaga kwenye mchanga wenye harufu ya mkojo na kwenye nguo zilizoanikwa zikabaki mbichi. Yai linaanguliwa, funza anasubiri mwili wenye joto ulale juu yake, anaingia. Wanaojua kusini hapa watakwambia ndo sababu nguo za mtoto mchanga zinapigwa pasi. Dawa yake haina mbwembwe: pakaa vaselini nene juu ya tundu, anakosa hewa, anajisogeza juu mwenyewe, unamminya taratibu pande zote mbili anatoka mzima. Usimkate. Huyu alitoka mnene, mweupe, mwanangu alimweka kwenye kifuniko cha soda akaenda kuwaonyesha wenzake.

Kumbe ile sehemu aliyokuwa anapumzika mchana, kivulini kwa nyuma ya banda, ndo alikuwa anapakojolea pia. Mchanga huo nimeuzoa nikautupa, nikaweka kokoto, na salfeti ya kulalia inafuliwa na kukauka kabisa juani kabla ya kurudi. Tangu hapo namkagua kila jioni, funza mwingine sijamwona.

Meno

Kandambili za bibi. Moja tu, ya kushoto, kamba yote. Nilitegemea kikao kingine, lakini bibi alichukua iliyobaki akasema mpeni na hii basi aache ya msikitini.

Wanakata meno mpaka kama miezi 6, kwahiyo kutafuna hakukatazwi, kunaelekezwa: kamba nene yenye fundo iliyoloweshwa maji ya baridi, kipande cha mti wa mpera. Akishika mkono wa mtu mchezo unakufa hapo hapo, mtu anasimama anageuka. Mwanangu ndo alichelewa kulipata hili maana yeye alikuwa anakimbia akicheka, na mbwa akiona mtu anakimbia akicheka anajua sherehe imeanza.

Siku moja jino lilimpata binti wa jirani kiganjani. Ngozi haikuchubuka, ilibaki alama tu, ila tulimwosha kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa nzima kwa saa ya simu, mama yake yupo. Na nimewaambia watoto wote: ukichubuliwa na mbwa yeyote, wa kwetu, wa mtaani, hata mdogo namna gani, unaosha hivyo halafu unaenda hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya sindano za kichaa cha mbwa, hausubiri kuona kama mbwa ataugua. Kichaa kikishaanza kuonekana kwa mtu karibu hakuna anayerudi. Asipigwe mtoto aliyeng'atwa, maana akijua atapigwa atanyamaza nalo.

Kuku

Haya ndo maendeleo ninayojivunia. Kila jioni kamba fupi, tunakaa nae umbali kuku wanadonoa, akiwaangalia halafu akarudisha macho kwangu anapata dagaa. Tulikuwa tunaenda pole pole kabisa mpaka mtetea mwenye vifaranga akaamua kufupisha ratiba, akavuka uzio akampiga mdomo wa pua mbele ya familia nzima. Sasa hivi akipita yule mtetea Msimu anajifanya anakagua mwembe.

Kichaa, na mvua za kwanza

Wiki 12 zilipotimia kapata chanjo ya kichaa. Bwana mifugo anasema mikoa yetu hii miwili, Lindi na Mtwara, ilikuwa ndani ya ule mradi wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa kupambana na kichaa miaka ya 2010, wilaya 28 za kusini mashariki, na kwenye kampeni za namna ile wanachanja hata watoto wadogo wanaonyonya, maana lengo ni asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo na ukiwaacha wadogo hutimizi. Atarudiwa mwakani. Kadi yake iko kwenye mfuko wa nailoni pamoja na ya kliniki ya mwanangu.

Mchanganyiko wa mwisho, wiki ya 16, kapata juzi mvua ikinyesha. Banda halijavuja, makuti yamesaidia hata kelele ya bati. Usiku analala moja kwa moja, tenga limerudi kwa kuku. Kuna jambo moja sikulipanga: bibi akikaa barazani jioni kupeta mchele, Msimu anakuja mpaka kwenye mstari wa matofali, analala, kidevu kwenye tofali lenyewe, hajavuka. Bibi ananyanyua fimbo anamwonyesha, hampigi, anamwambia "hapo hapo." Mimi sijamfundisha hilo.

Yaliyobaki: geti linahitaji komeo la chini maana ashajua kulisukuma kwa kichwa. Kuhasiwa, tumepanga akifika miezi 6 au zaidi kidogo, nasubiri bwana mifugo aniambie bei. Kuanzia Jumapili anakanyaga barabara kwa miguu yake, kamba mkononi, na kwa yule mwendesha bajaji tutapita wa kwanza.